Kabla ya Kushika Mwiko: Niliyojifunza kwa Wakubwa wa Kazi Lamu

Nilipoanza kazi ya kukarabati nyumba kongwe za Lamu nilikuwa na cheti cha ujenzi nilichokipata Mombasa. Nilijua kusoma ramani, kupiga hesabu ya nondo na kupima uwiano wa simiti, mchanga na kokoto. Ujuzi huo haukuwa wa bure, na baadaye wote ulinifaa, lakini nyumba nilizopangiwa hazikuwa na nondo wala simiti. Zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na waliozielewa ni mafundi ambao wengi wao hawakuwahi kukaa katika darasa la ujenzi. Naeleza hapa jinsi nilivyojifunza kwao, kwa sababu naamini kijana anayeingia katika kazi yoyote hukutana na jambo hilohilo: mkubwa wa kazi anayo mengi, lakini ni machache tu anayoyatoa kwa maneno. Mengine huyatoa kwa namna anavyokagua, kwa anachokikataa, na kwa utaratibu anaoufuata kabla hajashika chombo.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na heshima hiyo ina masharti yake: nyumba ya zamani hutengenezwa kwa vifaa na mtindo wake wa asili kadiri inavyowezekana. Masharti huandikwa karatasini, ila kuyatimiza kunamtaka mtu anayeijua chokaa. Tena gari haliingii katika vichochoro vya mtaa wa Mkomani. Mawe huchimbwa Maweni, upande wa pili katika kisiwa cha Manda, yakavushwa kwa chombo hadi gatini, kisha yakapakiwa juu ya punda mpaka mlangoni. Ndiyo maana mafundi wazee hufikiri sana kabla ya kuagiza chochote, na kijana aliyezoea kupiga simu na kuletewa lori la kokoto huwaona wazito. Si wazito. Wanajua gharama ya kila jiwe lililofika mahali ambapo halikuhitajika.

Fundi mkuu niliyewekwa chini yake tulimwita Ami, sisi sote tuliokuwa na umri wa watoto wake. Nyumba ya kwanza tuliyoikagua pamoja ilikuwa ya ghorofa mbili, na malalamiko ya wenyewe yalikuwa juu ya plasta ya msana (chumba kirefu) wa chini, ambayo ilivimba na kupukutika kila baada ya kupakwa rangi. Mimi, nikiwa na daftari, futi na tochi, nilielekea moja kwa moja kwenye ukuta uliolalamikiwa. Ami alisalimu, akaomba ruhusa ya kupanda, akaenda zake juu. Huko aliukagua mlizamu (mfereji wa kutolea maji ya paa) mmoja baada ya mwingine, akatia kidole mahali ambapo sakafu ya juu hukutana na ukuta wa ukingo, akakitoa na kukitazama. Kisha akateremka polepole, na katika kila chumba alizikagua pembe mbili tu: ile ya juu, boriti zinapoingia ukutani, na ile ya chini, ukuta unapokutana na sakafu. Ukuta wenye malalamiko aliufikia mwisho kabisa. Aliugonga kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu, sikio likiwa karibu, na kila mahali sauti ilipobadilika akatia alama ya makaa. Alama zile zilipoungana zilifanya mstari uliokaribia kulala sawasawa, kimo cha kiuno, kutoka pembe hadi pembe.

"Haya si maji ya mvua," alisema. "Maji ya mvua hushuka. Haya yapanda."

Nilikuja kuyaelewa maneno hayo vizuri zaidi nilipoyaunganisha na kemia ya chuoni. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa una matundu madogo yasiyohesabika. Katika kisiwa kama chetu ukuta huo hunyonya unyevu wenye chumvi kutoka ardhini, na plasta ya chokaa huuachia hewani kidogo kidogo. Ukifunikwa kwa simiti, unyevu hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi kuutafuta upenyo, na chumvi iliyosafiri nao hugeuka chembe ngumu nyuma ya plasta na kuisukuma. Inapoanguka, huondoka na uso wa jiwe. Nyumba ile ilikuwa imepigwa simiti sehemu ya chini na fundi aliyetangulia, na kila aliyefuata alitibu dalili. Pendekezo langu la siku ile, la kubandua na kupiga upya, Ami hakulikataa kwa ukali. Alisema tu kwamba ukuta unaumwa nami nataka kuununulia nguo mpya.

Jioni nilichora mchoro wa nyumba nikaweka namba mahali alipopita na kila alichokigusa, kwa mfuatano. Maneno yake hayakujaza hata nusu ukurasa. Nilifanya hivyo katika kila nyumba tuliyoingia, na baada ya muda niliona kwamba nyumba zilitofautiana lakini mfuatano haukubadilika: juu kwanza, kisha miisho ya boriti, kisha miguu ya kuta, na mwisho ndipo lalamiko lenyewe. Alikuwa akiondoa sababu moja baada ya nyingine, ili afikapo kwenye ukuta unaolalamikiwa iwe imebaki sababu moja au mbili. Huo ni uchunguzi kamili, na hakuna aliyewahi kuuandika. Tangu hapo, nikiwekwa na mtu mzoefu, hufuata kwanza macho yake na miguu yake, halafu ndipo mdomo wake.

Katika chokaa ndimo nilimokaa muda mrefu zaidi, na sijutii. Mgeni wa kazi hupewa kuchekecha, na wengi hudhani ni adhabu ya ugeni. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika moto mkali, wa karibu nyuzi 900 za sentigredi, hadi jiwe lipoteze hewa yake ya kaboni na kubaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Likitiwa maji huchemka lenyewe bila moto na kuvunjika kuwa unga au uji mzito, na huku ndiko kuizima chokaa. Lakini si kila kipande huzimika siku moja. Chembe iliyoungua kupita kiasi hubaki imelala, ikafika ukutani, na baada ya wiki au miezi hupata unyevu, huvimba na kuifyatua plasta, ikaacha kishimo kidogo chenye doa jeupe katikati. Anayechekecha ndiye mlinzi wa ukuta mzima. Nilipoonyeshwa vishimo hivyo katika chumba kilichokwisha kupakwa na kulipiwa, sikuhitaji kuambiwa tena kwa nini Ami aliitaka chokaa ikae shimoni chini ya maji kwa muda mrefu, na kwa nini alipokea kwa shaka chokaa iliyozimwa juzi.

Kuijaribu kwake kulikuwa hivi. Alichota kwa mwiko chokaa iliyokwisha kulala, akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, macho akiyaelekeza kwingine kana kwamba anasikiliza. Ikiwa laini kama samli aliendelea, na ikikwaruza aliirudisha. Ilipochanganywa na mchanga aliipiga juu ya mwiko, akaupindua mwiko juu chini, akahesabu kimoyomoyo. Ikishika, inafaa, ikiteleza, maji yamezidi au haijasuguliwa vya kutosha. Aliponipa mimi mwiko hakueleza lolote. Alisubiri nipindue, akaitazama chokaa badala ya kunitazama mimi, na hilo lilinisaidia sana, kwa sababu lilinifundisha kwamba mwenye kujibu swali la kazi ni kazi yenyewe.

Baada ya kupakwa, chokaa hairudi kuwa jiwe kwa kukauka, ingawa wengi wetu tulidhani hivyo. Huirudisha kutoka hewani ile kaboni iliyoipoteza tanurini, nayo haiwezi kufanya hivyo isipokuwa ina unyevu kidogo. Pepo za kaskazi zikivuma na jua likiwa kali, plasta nyembamba hukauka kabla haijakomaa na kubaki unga unaofutika kwa kiganja. Kwa hiyo Ami hupanga siku yake kwa kulikimbia jua: ukuta unaotazama magharibi huupaka asubuhi, unaotazama mashariki huupaka alasiri, na magunia yaliyoloweshwa hutundikwa mbele yake, yakarushiwa maji hata siku ya mapumziko. Mwenye kurusha maji siku ya Ijumaa alikuwa mimi. Nilitaka kazi hiyo, kwa sababu nilikwisha kuona kwamba ukuta uliolindwa wiki ya kwanza hausumbui tena.

Kuhusu kuuliza nina maoni thabiti. Mgeni anaambiwa kila mahali kwamba asiogope kuuliza, na ushauri huo ni mzuri, ila haujakamilika, kwa maana una wakati wake na sura yake. Fundi aliye juu ya jukwaa na karai lililojaa hana nafasi ya kujibu, na jibu atakalotoa litakuwa la kukuondoa. Mimi niliyaweka maswali yangu hadi baada ya Alasiri, Ami anapokaa barazani na kikombe cha kahawa chungu. Nikagundua pia kwamba akiulizwa kanuni hujibu kwa kifupi, lakini akiulizwa juu ya nyumba fulani hufunguka. "Ami, uwiano gani ni bora?" humletea jibu la "inategemea". "Ami, ile nyumba ya Langoni karibu na msikiti, mbona plasta yake haijaguswa miaka yote?" huzaa saa nzima: mchanga ulitoka wapi, ulioshwa mara ngapi kuondoa chumvi, nani alikuwa msaidizi, na mvua ya mwaka ule ilikuwaje. Kumbukumbu yake imepangwa kwa nyumba. Aliyemzoea huenda akamwingilia kwa mlango huo.

Swali lililonipatia faida kubwa kuliko yote lilikuwa lile la jambo asilolifanya. Chuoni tulifundishwa hatua. Huko barazani nilijifunza makatazo na sababu zake. Kwa nini hukuiziba ile nafasi nyuma ya boriti? Kwa sababu mwisho wa boriti uliofumbatwa na ukuta wenye maji ndio unaooza kwanza, na ukiuacha upumue utadumu. Kwa nini hukukipanua chumba kama mwenye nyumba alivyotaka? Kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wa vyumba vya Lamu, ambavyo ni virefu lakini kwa kawaida havifiki mita 3 kwa upana, na boriti ikivutwa zaidi ya uwezo wake hulegea na kuipasua sakafu iliyo juu yake.

Wakubwa nao hutofautiana, na mgeni hufaidika zaidi siku hiyo kuliko siku ya maafikiano. Mwenye nyumba mmoja alitaka kazi ikamilike kabla ya Maulidi, kwa kuwa wageni wake walikuwa njiani, na mji mzima hujaa wakati huo. Fundi mwingine mkubwa, mtu mwenye mikono ya ajabu katika kunyoosha pembe, alishauri chokaa itiwe simiti kidogo ili ishike haraka. Alisema amefanya hivyo mara nyingi na kuta zimesimama. Ami alikataa. Nilitarajia mabishano, lakini hawakubishana mbele ya mwenye nyumba hata kidogo. Walikwenda uani, wakapiga vipande viwili kwenye ukuta wa nyuma unaolowa, kimoja cha chokaa tupu na kimoja chenye simiti, wakaviacha vipite masika. Na kwa ajili ya Maulidi waligeuza mpango: vyumba vya juu, vilivyokuwa vikavu, vilimalizwa kwanza kwa wageni, na msana wa chini ukaachwa upumue, bila plasta, umeoshwa tu na kutandikwa mikeka.

Masika yalipokwisha tulirudi uani. Kipande chenye simiti kilikuwa kigumu na kizima, na yule fundi alikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini unyevu ulikuwa umepanda kukizunguka, na chokaa ya zamani iliyokuwa juu yake, ambayo kabla haikuwa na neno, ilianza kutoa unga mweupe. Kipande cha chokaa tupu kilikuwa kimechakaa kidogo chini, na ukuta uliokizunguka ulikuwa mzima. Yule fundi alipitisha kiganja pale penye unga, akakipangusa, akasema, "Basi chini tusiitie." Hakusema asiitumie popote, wala Ami hakumdai aseme. Nilijifunza pale namna watu wawili wenye kuheshimiana wanavyouachia ukuta uamue, nami naona ni adabu ya kazi ambayo ofisi nyingi zingefaidika nayo.

Mkubwa wangu wa pili hakuwa fundi kabisa. Alikuwa mama wa makamo anayeshika majalada ya ofisi yetu, tukimwita Bi Mkubwa, na vijana wengi walimpita wakienda kwa mhandisi. Yeye alijua kwamba nyumba ya Lamu mara nyingi haina mwenyewe mmoja. Ipo ya warithi walioko Mombasa, Zanzibar na Uarabuni, ipo ya wakfu ambayo haiuzwi, na ipo anayoishi shangazi ambaye jina lake halimo katika karatasi yoyote lakini hakuna jiwe litakaloondolewa bila ridhaa yake. Kabla sijatumwa kupima alinieleza nani aanze kuambiwa, saa gani wanawake wa nyumba wanakuwa na nafasi, na kwamba nikishapiga hodi nisubiri katika daka, kile kibaraza cha mlangoni, nisichungulie uani, hadi niitwe. Kazi iliyokwama kwa sababu ya heshima iliyopuuzwa hukwama muda mrefu kuliko iliyokosa chokaa.

Yeye ndiye pia aliyenifundisha kuandika ripoti. Nilimletea kurasa zangu, akachukua kalamu na rula, akapiga mstari wima katikati ya karatasi tupu. "Mwanangu, huku andika ulichokiona. Huku andika unachokidhani. Usivichanganye, maana miaka kumi ijayo atasoma mwingine, naye hatajua kipi ni kipi." Nimekutana na majalada ya zamani yasiyo na mstari huo, ambamo "unyevu kutokana na paa" limeandikwa kwa uhakika mahali ambapo mwandishi hakupanda juu kabisa. Tangu wakati ule kila ripoti yangu ina nusu mbili.

Sisemi kwamba kila mwenye mvi ni mwalimu. Nimefanya kazi na mkubwa aliyeficha vipimo vyake kwa hofu ya kunyang'anywa riziki, na mwingine aliyerudia jambo kwa sababu tu ndivyo alivyolikuta. Huyo wa kwanza namwelewa, na lawama simtupii yeye peke yake. Wala mgeni haji mikono mitupu. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, boriti zilikuwa adimu hata hapa Lamu, penye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na ikawa lazima tuamue boriti ipi ya zamani inaweza kubaki. Ami alizigonga na kuzichoma kwa msumari mrefu, akisema hii nzima, hii imekwisha, hii nusu. Mimi nilipima kipenyo, nikapiga hesabu ya uzito unaobebwa, na zile za "nusu" tukazigawa: zinazobeba sakafu ya chumba cha kulala zikatoka, zinazobeba ushoroba zikabaki na kuongezewa mwenza pembeni. Hesabu yangu bila msumari wake isingejua ndani ya mti mna nini. Msumari wake bila hesabu yangu ungetupa boriti ambazo hazikuwa na mbadala.

Linalonisikitisha ni jinsi mafunzo haya yanavyoachwa bila fungu. Ami hulipwa kwa siku, na hulipwa kilekile akifundisha au asifundishe. Bali akifundisha, kazi yake hupungua kasi na msimamizi humuuliza kwa nini. Katika makadirio ya gharama utakuta chokaa, mchanga, boriti, punda na chombo cha kuvusha mawe, lakini hutakuta muda wa fundi kumshika mkono msaidizi. Halafu tunalalamika kwamba ujuzi unakwenda na wazee. Tunaouandaa mpango ndio tunaoufanya uende.

Sasa makadirio yanapopitia mezani kwangu naandika mstari wa msaidizi mwanafunzi chini ya kila fundi mkuu, na muda wa fundi kufundisha, kwa bei yake kamili. Mara nyingine hukatwa. Kwa nyumba tunayoishughulikia hivi sasa ombi limekubaliwa kwa upande wa dari na boriti, na kijana amekwisha kuanza, kazi yake ya kwanza ikiwa kuchekecha. Kwa upande wa kuta bado tunajadiliana, na Ami amesema hataanza kuta mpaka apewe mtu wa kumfundisha.